Halali Peke Yake Haitoshi

Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ni mji wa baridi ya asubuhi. Mtoto wa pwani akiamka huko hutaka chai kabla ya kunawa uso. Nilikwenda na mke wangu na wajukuu wawili. Mkahawa wa kwanza tulioonyeshwa ulikuwa na bustani na bembea, ila meza ya jirani imejaa chupa za bia. Waama, sheria ya vileo ya mwaka 2010 humkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia panaponywewa pombe. Basi bembea ile walimfungia nani?

Tukatoka, tukaenda kwa Muislamu mwenzetu. Pilau halali, tena tamu, sikwambii. Lakini pa kukaa mwanamke hapana: mabenchi, wanaume bega kwa bega, na mtumishi atuharakiza tuwapishe wengine. Mjukuu mdogo kidevu chake chagusa meza, akala amesimama.

Hapa ndipo nilipoudhika zaidi, maana yule wa kwanza hakujidai ndugu yetu. Sisi twadhani tukishaondoa pombe na nguruwe, kazi imekwisha. Pazia moja pembeni, kiti kirefu cha mtoto, sahani ya wali usio pilipili, na bomba la kunawia ambalo mkono wa mtoto wa miaka mitano waufikia: hayo yatamfilisi nani?

Mke wangu alikula matonge mawili tu. Chai yake akaimalizia garini.