Bei Nafuu Ina Sababu Yake: Juu ya Kununua Programu za Ubunifu Mtandaoni



Leo naomba tuanze na neno ambalo sisi wa Rwanda tunalo tayari mdomoni. Leseni ya udereva kwa Kinyarwanda huitwa uruhushya, na hata anayeanza kujifunza Kiswahili atalisikia ndani yake neno ruhusa. Lishike neno hilo, kwani ndilo litakalotuongoza katika jambo linalowasumbua wengi wenu mnaosomea usanifu wa picha, uhariri wa video, uchoraji wa majengo na utengenezaji wa muziki: namna ya kupata programu za kitaalamu kwa bei mnayoweza kuimudu, bila kuiba wala kuibiwa.

Tunasema "nimenunua programu" kama tunavyosema "nimenunua ndizi Kimironko". Sarufi ni ileile, lakini mambo hayo mawili hayafanani. Ndizi ukishailipia ni yako. Waweza kuila, kuigawa, hata kumwuzia jirani. Unapolipia programu, unachopewa ni ruhusa ya kuitumia kazi ya mtu mwingine kwa masharti aliyoyaweka. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mnunuzi amwulize muuzaji: nani amekupa mamlaka ya kuitoa ruhusa hii? Mpangaji hawezi kuuza nyumba anayoilipia kodi, hata akiiuza kwa bei ya kutupa.

Wapenzi wa fasihi mna sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, uliotiwa saini mwaka 1994, unaagiza katika kifungu chake cha 10 kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za kifasihi. Rwanda ni mwanachama wa shirika hilo tangu mwaka 1996, na ina sheria yake ya haki miliki, iliyotungwa mwaka 2009 na kufuatwa na sheria mpya mwaka 2024. Machoni pa sheria, basi, maagizo aliyoyaandika mtaalamu wa kompyuta yanakaa rafu moja na riwaya na diwani. Mwanafunzi anayeudhika shairi lake likinakiliwa bila jina lake hana haja ya kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, sikukusudia kuwakaripia. Ninafahamu hesabu zenu. Kwa miaka mingi kifurushi kizima cha programu za Adobe kilikuwa kikiuzwa Marekani kwa karibu dola 60 kwa mwezi, yaani zaidi ya faranga 80,000. Kijana anayeanza kazi ya kusanifu mabango na kadi mjini Kigali aweza kumaliza mwezi bila kuona faida ya kiasi hicho. Bei iliyopangwa kwa kumtazama mfanyakazi wa Chicago haimtazami fundi wa Nyamirambo, nami naona makampuni haya yanastahili kulaumiwa kwa hilo. Lakini lawama hiyo haigeuki kuwa leseni. Ndiyo maana ni lazima tujue nafuu ya halali inapatikana wapi, na inatambulikaje.

Maoni yangu ni haya: punguzo la kweli lina sababu inayotajika na lina mwisho unaojulikana. Muuzaji halali atakwambia kwa nini bei imeshuka, na itashuka mpaka lini. Asiyeweza kujibu mambo hayo mawili usimpe hela yako, hata kama ukurasa wake unapendeza na mashahidi wake ni mia moja.

Tupime kwa mfano unaowanasa wengi. Katika makundi ya WhatsApp huzunguka tangazo la "Photoshop ya maisha" kwa faranga 15,000 au 20,000. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba haitatoa tena matoleo mapya ya Photoshop ya kununuliwa mara moja. Toleo la CS6 lililotoka mwaka 2012 lilikuwa la mwisho wa namna hiyo. Tangu hapo Photoshop hukodishwa, kwa mwezi au kwa mwaka. Kitu ambacho mwenyewe anakikodisha tu hakiwezi kuuzwa na mtu wa tatu kwa maisha. Huhitaji ujuzi wa kompyuta kuugundua uongo huo. Unahitaji kujua tofauti ya vitenzi kukodisha na kuuza.

Kijana mmoja ninayemfahamu, aliyemaliza shule miaka michache iliyopita, hujipatia riziki kwa kusanifu kadi za mialiko ya harusi. Alinunua akaunti ya namna hiyo. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi minne. Kisha, mwezi wa Julai, msimu ambao Kigali nzima huoana, akaifungua asubuhi akakuta imefungwa. Pamoja nayo zilifungwa kazi zote alizokuwa amezihifadhi humo, zikiwemo kadi za sherehe ya gusaba iliyobakiza siku sita. Namba ya aliyemwuzia haikupatikana tena. Akaunti kama hizo mara nyingi ni nafasi zilizochukuliwa katika leseni ya taasisi fulani ya mbali, au zimelipiwa kwa kadi ya benki iliyoibwa. Mwenye mali anapogundua, hufunga, wala hana wajibu wowote kwa mtu wa Kigali ambaye hajawahi kumjua. Kijana yule alizirudia kadi zote kwa usiku tatu. Faranga zake 15,000 ndizo zilizokuwa hasara ndogo kuliko zote.

Zile nakala "zilizovunjwa" zinazopitishwa kwa flashi sitazizungumzia kwa kirefu. Anayekwambia uzime kinga ya virusi ili programu yake iweze kuingia amekwisha kukueleza nia yake.

Sasa tutazame nafuu zenye sababu. Ya kwanza ni uanafunzi wenyewe. Kampuni hupunguza bei kwa wanafunzi na walimu kwa kuwa inataka mkono wako uzoee chombo chake mapema; ni mtego wa heri, lakini ni halali. Adobe huwapunguzia kwa zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza, na utatakiwa kuthibitisha kwamba unasoma, kwa anwani ya barua pepe ya shule au kwa hati. Autodesk, wenye AutoCAD na Maya, huwapa wanafunzi na walimu bure kwa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa. Soma masharti, lakini: leseni hiyo ya Autodesk ni ya kujifunzia tu. Ukimchorea mteja nyumba ya Kicukiro kwa malipo, umeivunja.

Ya pili ni msimu. Mwishoni mwa Novemba makampuni mengi hushusha bei, na tangazo huwa katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, likiwa na tarehe ya kufungwa. Anayeweza kungoja hadi mwezi huo na angoje. Iko pia nafuu ya vifurushi, kama vile vya Humble Bundle, iliyoanza mwaka 2010: mtengenezaji anakubali kuuza kwa bei ndogo kwa majuma machache, na sehemu ya fedha huenda kwenye misaada. Sababu ipo na mwisho upo.

Leseni iliyowahi kutumika nayo ina habari ya kuvutia. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi baina ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba aliyenunua programu kwa leseni isiyo na kikomo anaweza kuiuza tena, mradi nakala yake mwenyewe aifanye isitumike. Ndiyo maana utaona wauzaji wa Ujerumani wakitoa leseni kuukuu kwa bei ya chini bila kuvunja sheria ya kwao. Lakini uamuzi huo ni wa Ulaya. Mnunuzi aliye Rwanda asiuchukue kama mwavuli wake. Amwulize kwanza mtengenezaji kama leseni hiyo inaweza kuhamishiwa jina lake.

Kisha iko nafuu iliyo kubwa kuliko zote, ambayo vijana wengi huipita kwa dharau kwa kuwa haina bei. Blender, programu ya kuunda picha za pande tatu na katuni, iliwekwa huru mwaka 2002 baada ya watumiaji wake kuchanga yuro 100,000 ili ikombolewe. Mwezi Machi 2025 filamu ya Latvia iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Anayesema chombo cha bure ni cha watoto na amjibu mtengenezaji wa filamu ile. DaVinci Resolve ya kuhariri video ina toleo la bure linalotosha kwa kazi nyingi za harusi na matangazo. Affinity ya Waingereza, iliyokuwa ikiuzwa kwa malipo ya mara moja, ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Vipengele vya akili bandia ndivyo vinavyolipiwa. Sababu yake inaeleweka: kampuni inatumaini kwamba baadaye utalipia mengine. Ukilijua hilo, unaingia macho wazi.

Hata muuzaji halali achunguzwe. Mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, ikidai kwamba iliwaficha wateja ada ya kuvunja mkataba mapema. Mpango wenyewe ulikuwa wa mwaka mzima unaolipwa kwa miezi; mtu aliona bei ya mwezi, akadhani anaweza kuondoka wakati wowote, kumbe kuondoka kulimgharimu nusu ya malipo yaliyobaki. "Kwa mwezi" na "kwa mwaka, kulipwa kila mwezi" ni virai viwili tofauti. Mwalimu wa sarufi ana raha gani kuona kituo cha mkato kinaweza kugharimu dola mia!

Kuhusu malipo nitasema machache. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe, usiifuate kutoka kwenye ujumbe uliotumiwa. Watengenezaji wengi huorodhesha mawakala wao. Asiyekuwa katika orodha hiyo si wakala, na wakala wa hapa nchini akupe risiti ya EBM kama muuzaji mwingine yeyote. Kutuma fedha kwa MoMo kwenye namba ya mtu binafsi ni kama kumkabidhi noti mkononi: kuzirudisha ni shida. Kadi ya benki walau inakuachia njia ya kulalamika.

Lililo zito moyoni mwangu, hata hivyo, linahusu shule. Shule inayofundisha kwa nakala za wizi inampa mwanafunzi ujuzi asioweza kuutumia kwa halali siku anapotoka na cheti chake. Punguzo la mwanafunzi nalo humwisha siku hiyohiyo, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi. Kwa hiyo napendekeza walimu wa usanifu wafundishe kwanza kwa vyombo ambavyo kijana ataondoka navyo, kama Blender na Affinity, kisha shule iombe leseni za elimu kwa vile vinavyotakiwa na waajiri. Ombi hilo lina urasimu, ndiyo. Lakini huandikwa mara moja kwa mwaka, na linawakinga wanafunzi wote.

Zoezi la juma hili kwa kidato cha tano: andika barua rasmi kwa muuzaji wa programu, isiyozidi maneno 120. Mwulize yeye ni nani kwa mtengenezaji, leseni itaandikwa kwa jina la nani, kwa nini bei imepunguzwa, itakuwa kiasi gani mwaka wa pili, na ukitaka kuacha utatozwa nini. Tumia "ningependa kujua" badala ya "nataka". Atakayepata jibu la kweli kutoka kwa muuzaji wa kweli alilete darasani Jumatatu, tulisome pamoja.