Pujini Hakuna Jiwe la Zambarau

Hadithi hii imenichosha. Pujini, hapa Pemba, ikitajwa tu, hakosekani mtu wa kushusha sauti na kusema kuwa chini ya magofu ya Mkame Mdume kuna hazina, na vito vya zambarau vimo, na majini ndio walinzi. Muuza pete naye hukamilisha kazi: "Yakhe, hili limetoka Pujini. Ukilivaa, husuda haikufiki."

Jiwe la zambarau livaliwalo sana duniani ni amethisti. Ni bilauri iliyoingiwa na chembe za chuma, ikapata rangi kwa mnunurisho wa asili ardhini. Hukulia kwenye matundu ya miamba iliyopitiwa na maji ya moto, kama miamba ya volkano ya Brazil na Uruguay. Pemba yetu ni matumbawe, chokaa, mchanga na udongo. Chimba hapo mpaka ukutane na maji ya chumvi, amethisti huioni. Tanzanaiti, ambayo wengi huichanganya nayo kwa rangi, inachimbwa Mererani peke yake, na ilianza kujulikana mwaka 1967. Mkame Mdume, mtawala wa karne ya 15, aizike vipi?

Utaniambia alinunua. Haya, pwani hii ilifanya biashara ya bilauri, na shanga zake zimechimbuliwa katika miji yetu ya kale. Lakini hiyo ni bilauri nyeupe, ya kupitisha mwanga. Mwanaakiolojia Adria LaViolette na wenzake walichimba Pujini kwa kibali na kwa brashi, wala hawakutoka na sanduku la vito. Kilichopo pale ni chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa, baragumu la watawala, lililofinyangwa kwa lipu ukutani, na mtafiti huyo anaona kilihusiana na mambo ya majini. Kwa hiyo majini wa Pujini mimi siwagombi. Nagombana na hazina.

Na hiyo kinga? Wagiriki wa kale waliamini amethisti humzuia mtu asilewe. Wakaivaa, na wakalewa. Maaskofu wa Ulaya waliitia kwenye pete zao, ikawa kito cha wakubwa, mpaka karne ya 19 Brazil ilipoitoa kwa wingi na bei ikaporomoka. Nguvu gani hiyo inayoshuka na soko? Zaidi ya hapo, iache dirishani juani muda mrefu, rangi hufifia; itie motoni, hugeuka manjano. Jiwe lisilojikinga na jua likukinge wewe na jicho la jirani!

Mwenye amethisti ya kweli aioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, aifunge peke yake kitambaani. Ile ya muuza pete itazame kwanza kwa kioo cha kukuzia: ukiona vipovu vya hewa, umeuziwa chupa.

Hasara ya hadithi hii ya hazina haiishii mfukoni. Shimo la mtafuta hazina chini ya ukuta hukusanya mvua, maji yakalegeza chokaa, na ukuta ukaanguka. Mchimbaji huondoka na vigae viwili vitatu vya vyungu, na kigae kilichong'olewa mahali pake hakimwambii tena mtafiti kilikuwa tabaka gani, wala cha zama zipi.