Kiwanja cha Sumbawanga: ni ndege ipi itatua, na itambeba nani?

Tangu kazi ya kuweka lami kwenye kiwanja cha ndege cha Sumbawanga ianze, swali tunalolisikia kila mahali ni moja: lini tutaona ndege kubwa? Sisi tunadhani kuna swali linalopaswa kutangulia: ndege ya aina gani? Ndugu msikilizaji, ndege ni kama vyombo vya barabarani. Bodaboda, Noah, basi na lori la tela vyote vinatembea, lakini hakuna anayepeleka magunia mia ya mahindi mnadani kwa bodaboda, wala anayekodi lori kwenda kusalimia wakwe.

Tuanze na kiwanja chenyewe. Uboreshaji wake uko katika mradi wa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, pamoja na viwanja vya Kigoma, Tabora na Shinyanga. Njia ya kurukia ya changarawe, iliyokuwa na urefu wa takriban mita 1,500, inakuwa ya lami yenye mita 1,750, na upana wa mita 30. Kwa mtu anayetembea kwa miguu ni ndefu. Kwa ndege ni fupi. Songwe, kiwanja ambacho wengi wetu hukifuata kwa basi kupitia Tunduma, kina njia ya mita 3,330.

Halafu kuna jambo ambalo mama yeyote wa Ufipa analijua jikoni. Maharage yanayoiva upesi kule Muze au Mtowisa, bondeni, yakipikwa Sumbawanga mjini hula kuni zaidi. Mji wetu uko juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayoisumbua ndege. Bawa hubebwa na hewa, na injini huvuta hewa ili kuchoma mafuta. Kwa kimo chetu, hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 16 ukilinganisha na Dar es Salaam. Ndege inalazimika kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Mchana wa joto wa Oktoba hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu joto nalo huipunguza hewa uzito.

Sasa tutazame ndege za Air Tanzania. Boeing 787, ile ya watu 262 inayokwenda nchi za mbali, tuiweke pembeni, haitakuja hapa. Airbus A220 ina viti 132 na injini za jeti. Hiyo ikiwa imejaa huhitaji karibu mita 1,900 hata pale Dar, penye hewa nzito, kwa hiyo Sumbawanga haiwezi kuruka na mzigo wake kamili. Inabaki Dash 8-400, ile watu waliyozoea kuiita Bombadia. Inabeba abiria 76, na ikiwa imejaa huhitaji njia ya takriban mita 1,400 usawa wa bahari. Huku juu itahitaji zaidi, lakini kwa safari ya Dar, ambako haina haja ya kujaza tangi, ndiyo inayoelekea kutufaa.

Wasikilizaji wa umri fulani watakumbuka kejeli za mwaka 2016, ndege mbili za kwanza za aina hiyo zilipowasili. Zilidharauliwa kwamba ni "pangaboi". Kejeli ile ilitoka kwa watu wenye viwanja virefu karibu na nyumba zao. Pangaboi husukuma hewa nyingi ndege ikiwa bado mwendo wa polepole, kwa hiyo hunyanyuka mapema na kusimama mapema. Jeti hupata faida yake juu sana na kwa mwendo mkali. Kwa mikoa kama yetu pangaboi si ndege ya daraja la pili. Ndiyo ndege yenyewe.

Je, itabeba mahindi yetu? Hapana, na tuseme wazi ili mtu asikopeshwe matumaini. Dash 8-400 hubeba takriban tani nane, abiria na mizigo yao vyote pamoja. Lori moja la tela hubeba tani 30, na barabara ya lami hadi Tunduma tunayo. Air Tanzania inayo pia Boeing 767 ya mizigo, iliyopokelewa mwaka 2023, inayobeba tani 54, lakini njia yetu haiimudu. Gunia la mahindi litaendelea kusafiri kwa gurudumu. Kinachoweza kupanda ndege ni kitu chepesi chenye thamani au kinachoharibika haraka: sampuli za damu, chanjo, pengine samaki wa Kasanga, wakipatikana wanunuzi wa kulipia nauli hiyo.

Ajabu ni kwamba ndege zilizomsaidia mkulima wa Rukwa kuliko zote hazihitaji lami. Mbuga za Ziwa Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu yanayojulikana Afrika. Kati ya 1930 na 1944 nzige hao walienea sehemu kubwa ya kusini mwa bara. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yakiwa Abercorn, mji tunaouita leo Mbala, hapo ng'ambo tu ya mpaka. Kazi hiyo sasa inafanywa na shirika la IRLCO-CSA lenye makao Ndola. Mwaka 2009, kwa msaada wa FAO, helikopta zilinyunyizia kuvu linaloua nzige kwenye eneo la takriban hekta 10,000 nchini, zikiwemo mbuga za Rukwa na Iku-Katavi. Makundi yalivunjwa kabla hayajaruka kwenda mashambani. Wengi hamkuiona kazi hiyo, kwa sababu nzige hawakufika.

Ukizungumza na marubani, hizi ndogo ndizo wengi huzisifu. Rubani wa ndege kubwa husaidiwa na kompyuta sehemu kubwa ya safari. Wa Cessna Caravan, inayotua hata kwenye nyasi, au wa Beaver ya Kanada iliyoruka kwanza mwaka 1947 na kutumika sana kunyunyizia dawa, huishika kwa mkono. Hupita chini, huusikia upepo. Na upepo wetu si wa mchezo: Lyamba lya Mfipa inashuka karibu mita 1,000 hadi ziwani, na hewa inayoipanda na kuishuka huitikisa ndege ndogo kama chekeche.

Kwa sababu hiyo tungependa viongozi waulizwe kuhusu taa na vipimo vya hali ya hewa kabla ya kuulizwa tarehe ya uzinduzi. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakafa. Ukungu na mvua tunavijua. Na mama mjamzito anayehitaji kufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hachagui saa. Kiwanja kisichopokea ndege usiku kitamwachia barabara ileile ya zaidi ya kilomita 300.

Jingine ni mafuta. Dash na Caravan hutumia mafuta ya jeti, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, ilhali Cessna nyingi za zamani hutumia petroli maalumu ya ndege. Kama hakutakuwa na hifadhi ya mafuta hapa, ndege itatoka Dar ikiwa imebeba na ya kurudia, na kila lita inayobebwa ni uzito unaochukua nafasi ya mzigo au ya abiria. Viti vikipungua, gharama ya safari hugawanywa kwa watu wachache, na hapo nauli hupanda.