Swali Moja Katika Chumba cha Majeruhi

Mwanamke afikaye hospitalini akiwa amevunjika mkono, akaeleza kwamba aliteleza kisimani, hupigwa picha ya eksirei, hufungwa plasta na kurudishwa nyumbani. Mfupa utaunga. Lakini ikiwa mkono huo ulivunjika alipokuwa akiukinga uso wake na fimbo ya mumewe, basi chanzo cha jeraha hakikuguswa, na huenda akarudi na jeraha kubwa zaidi.

Jambo hili si haba. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake waliowahi kuishi na mume au mwenzi, asilimia 41 katika Dar es Salaam na asilimia 56 katika Mbeya walipata kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu naye. Hayo hutendeka ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu.

Kwa sababu hiyo wapo washauri wasemao kwamba kila mwanamke aingiaye katika chumba cha majeruhi aulizwe kama anapigwa nyumbani. Nia yao ni njema. Hata hivyo sayansi ina kanuni zake kuhusu kuchunguza watu wengi ambao hawakulalamika. Mwaka 1968 wataalamu Wilson na Jungner waliandika kwamba haifai kutafuta ugonjwa kwa njia hiyo pasipo kuwapo matibabu ya kumpa atakayegunduliwa. Nchini Kanada, majaribio yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba kuwauliza wanawake wote, bila kuongeza msaada madhubuti, hakukupunguza vipigo kwa kiasi cha kuridhisha. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani halikupendekeza kumwuliza kila mwanamke; lilishauri aulizwe yule ambaye hali yake inaleta shaka.

Ushauri huo una uzito zaidi mahali kama Mashewa, wilayani Korogwe. Kijijini watu hujuana. Muuguzi aweza kuwa shemeji wa mume, naye mume mwenyewe huenda ndiye aliyemsindikiza mgonjwa na kujibu maswali kwa niaba yake. Swali likiulizwa mbele ya foleni, habari yaweza kufika nyumbani kabla ya mgonjwa. Na akiambiwa aende Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, nauli huenda ikabidi aiombe kwa yuleyule aliyempiga.

Je, basi tabibu anyamaze kwa kuwa mambo ya ndani ni siri ya nyumba? La hasha. Zipo dalili zinazomlazimu kuuliza: majeraha ya nyakati mbalimbali katika mwili mmoja, maelezo yasiyolingana na jeraha, kuchelewa kuja kutibiwa, na hofu mume aingiapo. Auliziapo, pawe na chumba chenye mlango unaofungwa, na mume awe nje. Muuguzi awe amefundishwa kusikiliza pasipo kulaumu, na anayekataa kusema asishurutishwe. Maandishi ya habari zake yatunzwe mbali na macho ya watu. Fomu ya Polisi Namba 3 isiwe kizuizi: damu izuiwe na mfupa ufungwe kwanza, karatasi ifuate. Tena pawepo afisa wa Ustawi wa Jamii anayejulikana, na fungu dogo la nauli kwa anayehitaji kupelekwa mbele.

Mambo hayo hayahitaji mitambo ya gharama. Wanaopanga huduma za afya wilayani wayatimize kwanza katika zahanati na vituo vyao, ndipo waagize swali liulizwe. Kwani mwanamke akiisha kutoa siri yake asipate msaada, hatathubutu kuitoa mara ya pili.