MAONI: Vijana wachoraji, brashi ya vekta si ya kudharauliwa

KUNA uongo mmoja ambao wachoraji chipukizi wa hapa mjini wanafundishana: ati programu za vekta kama Illustrator, CorelDRAW na Inkscape ni za nembo, kadi za biashara na mistari iliyonyooka, na ukitaka kupaka rangi kwa mkono wako lazima uende Photoshop. Basi mwenye kipaji cha kuchora anakimbilia pikseli, na yule asiyejua hata kushika penseli ndiye anabaki na vekta. Mimi nasema mgawanyo huu unawanyima vijana kazi na hela.

Hebu tupige hesabu kidogo. Umechora sura ya msanii unayempenda, picha ya mraba yenye pikseli 1080 kila upande, ile saizi ya kupostiwa Instagram. Imependeza na watu wameishea. Halafu mwenye matatu anakutafuta: anaitaka nyuma ya nganya yake, upana wa mita 2. Sentimita 200 zigawane pikseli 1080, kila sentimita inapata pikseli 5 na ushei. Yaani kila kinukta cha rangi kitakuwa na upana wa karibu milimita 2. Kingo zitatoka kama ngazi. Fundi wa kuchapisha atakuambia wazi, "Buda, hii haitatoka poa." Hapo ni kuchora upya usiku kucha, au kazi iende kwa mwingine.

Vekta haina shida hiyo kwa sababu haihifadhi vinukta. Inahifadhi maelezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza rangi hii. Ukiikuza mara 100, programu inapiga hesabu upya na kingo zinabaki safi. Hesabu za mikunjo hiyo zilijulikana sana miaka ya 1960 kupitia Pierre Bézier, mhandisi wa Renault kule Ufaransa, aliyezitumia kubuni bodi za magari. Paul de Casteljau wa Citroën naye alikuwa akifanya kazi kama hiyo tangu 1959. Kwa hivyo ukizitumia leo kuremba matatu, hujatoka mbali sana na zilikoanzia.

Sasa tuje kwa brashi. Wengi wakisikia vekta wanafikiria ile kalamu ya kubofya nukta moja moja mpaka mgongo uume. Lakini ndani ya programu hizo hizo kuna zana za kupaka. Illustrator ina Paintbrush, inayoacha mstari wenye uti wa mgongo: unaweza kubadilisha unene na aina ya brashi hata baada ya kuuchora. Kuna pia Blob Brush, iliyokuja na toleo la CS4 mwaka wa 2008. Hiyo inaacha umbo lililojaa, na ukipaka tena juu kwa rangi ile ile, maumbo yanaungana kuwa moja, jinsi wino unavyofanya kwenye karatasi. Inkscape nayo ina Calligraphy, inayochora mstari mnene unaokonda na kunenepa kama kalamu ya hati.

Na ziko ndoo za rangi. Ile ya Inkscape ina ujanja wake: inajaza kulingana na kinachoonekana kwenye skrini, kisha inatengeneza umbo jipya. Ukivuta mchoro karibu kabla ya kubofya, kingo zinatoka safi zaidi. Ukiwa mbali, inakadiria. Na mstari ukiacha mwanya, rangi inavuja nje, kwa hivyo tumia lile chaguo la kuziba mianya badala ya kulaumu kompyuta.

Najua wakongwe wa kalamu watapinga. Watasema brashi inaacha nodi 200 mahali ambapo wao wangeweka 10. Wana hoja, siwabishii. Ukipeleka faili ya aina hiyo kwa mashine ya kukata stika, kisu kinafuata kila nodi na kila umbo lililopandana na lingine, hata pale ambapo jicho linaona rangi moja tu. Na ukipeleka mstari wenye uti wa mgongo bila kuugeuza, kisu kinapita katikati yake badala ya kwenye kingo. Stika inaharibika, na mteja hatajali kukusikiliza.

Lakini dawa ipo, na haichukui muda. Kwenye Inkscape, geuza mistari iwe maumbo kwa Ctrl, Alt na C. Unganisha yenye rangi moja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Kisha punguza nodi kwa Ctrl na L. Hiyo ya mwisho bonyeza mara moja, uangalie, maana ukizidisha, sura ya mtu inageuka kiazi. Kwa Illustrator, bofya zana mara mbili kabla ya kuanza, uongeze ulaini wa mstari. Brashi si kisingizio cha kazi chafu. Paka kwa uhuru, halafu usafishe kama fundi.

Hoja ya pili ni pesa: "Sina tableti ya kuchorea, na Illustrator inalipiwa kila mwezi." Inkscape ni ya bure tangu ilipoanza mwaka wa 2003, na inafanya kazi kwa Windows, Linux na Mac. Huna kalamu ya kidijitali? Calligraphy ina mpangilio unaofanya mstari ukonde unapoenda mbio na unenepe unapopunguza kasi. Kwa hivyo hata kipanya cha kawaida kinaweza kukupa mstari wenye uhai. Wale mnaotumia programu zilizokrakiwa, jiulizeni: mtamlaumu vipi anayeiba michoro yenu ilhali nanyi mnafanyia kazi kwa zana ya wizi? Tena si ajabu faili hizo kuja na virusi.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Kijana anasema, "Ya nini nichore? Vekta za kupakua zimejaa mtandaoni, na siku hizi AI inakutolea picha kwa sekunde." Sawa. Lakini ukipakua simba, jirani yako amempakua huyo huyo, na mabango ya mtaa mzima yanafanana. Leseni nazo hatusomi, ilhali nyingine zinakataza matumizi ya biashara. Picha ya AI nayo mara nyingi inakuja ikiwa pikseli, na hapo tumerudi kwa ile hesabu ya milimita 2. Mteja akikuambia, "Mpunguzie huyu ndevu, na kofia iwe ya kijani," mwenye kuchora kwa brashi ya vekta anachagua umbo moja na kulibadilisha. Yule mwingine anaanza kuomba radhi.

Sidai kwamba vekta inaweza kila kitu. Moshi, mawingu na ngozi yenye vivuli laini vinachorwa vizuri zaidi kwa pikseli. Ukivilazimisha, faili inakuwa nzito na kompyuta inakwama. Ila nembo, katuni, maandishi ya mkono, michoro ya tisheti, stika na mabango, hizo ndizo kazi za kila siku mtaani, na zote zinataka kingo safi.

Kwa hivyo wikendi hii jaribu hivi. Piga picha ule mchoro wako mzuri ulio kwenye daftari, uuweke chini kama kivuli, uupake upya kwa brashi ya vekta. Mstari wa kwanza utatetemeka. Wa 20 utaanza kufanana na mkono wako. Hifadhi faili kwa SVG, mfumo huria uliopo tangu 2001, ili kesho uifungue kwa programu yoyote. Mteja mpe PDF, na ile faili asili ubaki nayo. Akiitaka, iwekee bei yake.

Mkono unao tayari, usiuache kwenye daftari.