Ukurasa wa Nyumbani: Kijipaka Hiki Hakina Kichaa

Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja akaaye na mumewe katika nyumba za askari. Alipewa na jirani mtoto wa paka wa umri wa wiki 5, ili akikua awaondolee panya waliokuwa wakitoboa magunia ya unga. Sasa ametimiza wiki 10. Mchana kutwa hulala. Lakini giza likianza kuingia hukurupuka, akakimbia toka ukuta huu hadi ule, akapanda chandarua, akavimbisha mkia na kwenda upande upande kama kaa, mgongo ameupinda. Alfajiri huanza tena, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Koplo, baba wa nyumba, alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka lindoni, hajapata hata usingizi, akarukiwa vidole vya miguu. Ameapa kwamba paka huyo ana kichaa, na akirudia mara moja tu atamkomesha kwa rungu. Binti yao wa miaka 6 halali kwa kulia.

Mama, kwanza mtulize mtoto. Hayo uliyoyaeleza ni mchezo wa paka mchanga mwenye afya.

Paka ni mwindaji wa magharibi na alfajiri, saa ambazo panya hutoka mashimoni. Hulala mchana ili kuweka nguvu, nazo zikijaa hazina budi kutoka. Mtoto wa paka hufumbua macho baina ya siku ya 7 na ya 14. Afikapo wiki ya 4 huanza kupigana mieleka na ndugu zake, na wiki ya 7 au ya 8 hupenda kuvizia vitu vitembeavyo: jani, uzi, ncha ya kanga. Kuvizia, kuruka, kukamata na kuuma ndiyo kazi mliyomletea, naye yumo mafunzoni. Koplo, ambaye naye aliwahi kuwa kuruta, hatashindwa kuelewa.

Kosa, ikiwa lipo, ni la sisi wakubwa. Katika wiki 5 alikuwa bado mdogo mno kutengwa na mama yake. Afadhali angengojewa atimize wiki 8 au zaidi. Watoto wa paka hufunzana kuuma kwa kiasi, kwani aumwaye sana huuma naye, au huacha kucheza. Huyu wenu hana ndugu wa kumfunza, basi miguu ya koplo imekuwa ndiyo ndugu zake.

Dawa yake si kiboko. Paka apigwaye hajui kosa lake. Hujua tu kumwogopa mpigaji, na paka mwoga huparura zaidi. Funga kitambaa kwenye ncha ya kijiti, ukiburure sakafuni kwa dakika kama 10 kabla ya chakula chenu cha jioni. Mwache akikamate mara kwa mara, asije akakata tamaa. Kisha mpe chakula chake. Akishawinda na kula atajilamba, naye atalala. Siku ambazo koplo yuko zamu ya usiku, fanyeni vivyo hivyo alfajiri kabla hajarejea. Kazi hiyo mpe binti, lakini mwambie asichezeshe vidole vyake, na akiumwa anyamaze na kuondoka. Uzi wa kushonea msimwachie kamwe, kwa maana akiumeza huweza kumkata matumbo.

Hata hivyo, hofu ya koplo si ya kuchekwa. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na mtu akishaonyesha dalili za ugonjwa huo ni nadra mno kupona. Lakini paka mgonjwa hageuki kuwa mpole mara tu mchezo uishapo. Hubadilika tabia: aliyekuwa mpole hushambulia bila kuchokozwa, au hujificha gizani, sauti hugeuka, mate humtoka, hushindwa kumeza, miguu hulegea. Wako anakula, anakunywa, analala mapajani mwa binti.

Umeandika kwamba hajamtoa mtu damu. Ikitokea siku moja akamtoa, osheni jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Na hapa namwomba koplo asikilize: rungu litaharibu ushahidi. Paka aliyeuma hufungiwa mahali salama na kutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, basi hakuwa na ugonjwa huo matemani alipouma. Na akifa, uchunguzi hufanywa kwenye ubongo wake, nao hauwezekani ikiwa kichwa kimepondwa. Hata hivyo, mwumwaji asingojee siku hizo ziishe ndipo aende kutibiwa.

Paka wenu akitimiza miezi 3, mpelekeni kwa daktari wa mifugo achanjwe chanjo ya kichaa, na apewe dawa ya minyoo ikiwa bado. Viroboto msimpakie mafuta ya taa, kama wafanyavyo wengine kambini. Hulamba manyoya yake, na mafuta hayo ni sumu kwake.

Kuhusu panya, mama, vumilia miezi michache. Kwa sasa funika unga kwa debe.