Piki Niliuza, Jina Langu Bado Linatembea

Barua ya wazi kwa mkuu wa ofisi inayotoa karte roze, hati za umiliki wa pikipiki

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi,

Jina la ofisi yako silitaji hapa. Wanaopanga foleni dirishani kwake wanaijua, na wewe mwenyewe faili yangu unayo, au uliwahi kuwa nayo. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta mlangoni zilipokelewa vizuri, zikagongwa muhuri, na habari zake zikaishia hapo.

Niliuza piki yangu ya TVS, cc 125, kwa kijana anayefanya biashara ya kakao upande wa Oicha. Tuliandika hati ya mauzo mbele ya mashahidi, tukalipa benki, tukaleta kitansi, picha, nakala za karte za uchaguzi na karte roze ya zamani. Karani wako alinituma nikasugue tope kwenye shasi kwa kitambaa chenye petroli ili nambari isomeke. Nikasugua. Akainama, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, akaziandika. Nikasema moyoni, kumbe kazi inafanyika hapa.

Karte mpya haijatoka mpaka leo. Mara karatasi za kuchapia zimekwisha. Mara mwenye saini yuko misheni. Halafu likaja jibu la mwisho: faili iko Goma.

Mheshimiwa, Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Kanyabayonga ilikuwa imeanguka tangu mwisho wa Juni 2024. Uongozi wa jimbo ukahamia Beni, jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Faili yangu niliileta baada ya hayo yote. Sasa nieleze: faili ya piki ya mwalimu wa Butembo ilivukaje mstari wa vita? Na kama kweli ilivuka salama, kwa nini jeshi letu lisiiulize njia?

Haya yote ningeyavumilia. Tumezoea. Lakini piki iliondoka na jina langu likaondoka nayo.

Mnunuzi aliikabidhi kwa motari wa kumletea mapato ya kila juma. Siku moja huyo motari akasimamishwa na askari kwenye bariyeri, akaingiwa na hofu, akatupa piki na mzigo, akatokomea migombani. Pengine hakuwa na faranga za kuwapa, ndivyo vijana wengi wanavyokimbia. Chini ya kiti walikuta nakala ya karte roze. Jina lililoandikwa pale ni langu.

Wewe unaishi huku huku. Unajua kwamba tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri tumewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na raia anaweza kujikuta mbele ya hakimu mwenye magwanda. Unajua kwamba piki ndiyo inayobeba kila kitu kwetu, mgonjwa, kakao, jeneza, na kwamba watu wanaotuchinja Beni tangu Oktoba 2014 nao wanapata chakula chao kwa njia wanazozijua wao. Piki isiyo na mtu barabara ya Oicha si kosa la barabarani. Mwenye jina kwenye karte anaulizwa: unamlisha nani porini?

Niliulizwa mimi. Nikalala mahabusu, mwalimu wa darasa la tano, kati ya watu walioshikwa kwa mambo yasiyonihusu, nikieleza kwamba piki niliiuza. Nikatoa kitansi chenu. Ofisa alikigeuza huku na huku, akasema hiki kinaonyesha umelipa, hakionyeshi umeuza. Na alisema kweli! Kwa kuwa daftari lenu linasema piki ni yangu, piki ni yangu: ikigonga mtoto, nimegonga mimi; ikibeba risasi, nimebeba mimi; ikichomwa moto Mbau na mtu akafia juu yake, watakuja kwangu kuuliza ni nani.

Mnunuzi naye amezuia sehemu ya pesa iliyobaki mpaka aone jina lake, na siwezi kumlaumu. Minerval, ada ya masomo ya binti yangu pale Chuo Kikuu cha Graben, ilikuwa inaitegemea pesa hiyo. Wazazi wa wanafunzi wangu wananisalimia wakiwa mbali kidogo.

Sikiliza jinsi kwingine jina linavyobadilishwa. Mpwa wangu anaishi Bologna, Italia. Alinunua huko Ducati 899 Panigale iliyokwisha kutumika, piki ya mbio iliyopewa jina la Borgo Panigale, mtaa penye kiwanda chenyewe. Injini yake inazidi ya TVS yangu zaidi ya mara saba. Alipoiuza, yeye na mnunuzi walikwenda pamoja kwa wakala, saini ikathibitishwa, hati yenye jina jipya ikatoka siku ile ile. Daftari la umma la magari la huko, PRA, lilianzishwa 1927 na linashikwa na chama cha wenye magari, ACI. Sheria inatoa siku 60 mauzo yaandikishwe. Mnunuzi akikimbiza piki kupita kiasi kesho yake, faini inamfuata yeye. Nilipomsimulia yangu, mpwa wangu alidhani namchekesha.

Usinijibu kwamba Italia ni nchi tajiri. Kubadilisha jina kunataka daftari na kalamu, na bei ya kalamu tulishailipa benki.

Kupokea mnajua. Dirisha la kulipia halijawahi kuishiwa karatasi, na mwenye kupokea pesa hajawahi kwenda misheni. Mnapokea hata nakala za karte zetu za uchaguzi, lakini kwetu Beni na Butembo kura ya Desemba 2018 iliahirishwa hadi Machi 2019, na Rais akaapishwa Januari bila kutusubiri. Karte ya uchaguzi ya mtu wa hapa basi ina kazi gani? Ni ya kutolea nakala za kupeleka kwenu.

Nataka mambo mawili. Karte itoke kwa jina la mnunuzi. Na kabla haijatoka, leo hii, unipe barua yenye saini na muhuri wako inayosema kwamba tangu tarehe ya kitansi piki hiyo si yangu, na nakala yake uipeleke mwenyewe kwa walionishika. Usimtume karani. Wakikuuliza kwa nini daftari lako linasema vingine, uwajibu wewe, kama nilivyowajibu mimi.

Karte ikitoka, usiniite. Mwite mwenye piki.

Mwalimu, Butembo